Skrepa, umeme na nondo za ghorofa lako

Wadau, leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo. Najua wengi mnakuja hapa kupata yale ya Bungeni ambayo gazetini hayatoshi, lakini kuna jambo limenikaa kichwani tangu mhariri aliponituma kuandika habari ya bei ya nondo. Habari yenyewe ilitoka: maneno mia tatu, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mnada. Mengi yalibaki kwenye daftari, na ndiyo haya.

Muulize mtu nondo inatoka wapi. Atakwambia dukani. Ukimbana atasema kiwandani. Ukimbana tena, hasa akiwa msomi mwenzetu, atakueleza habari za mawe yanayochimbwa ardhini na kuchomwa kwa makaa. Si uongo, ila ni nusu ya maelezo. Duniani leo, katika kila tani kumi za chuma kinachotengenezwa, karibu tani tatu hupikwa kwenye tanuru za umeme, na chakula kikubwa cha tanuru hizo si mawe bali ni chuma kilichokwisha kutumika. Marekani, nchi tunayoisifia kwa viwanda vikubwa, takriban asilimia 70 ya chuma chake hutoka huko. Magari mabovu, friji zilizokufa, reli zilizong'olewa, mageti yaliyooza. Yaani skrepa.

Sasa tanuru lenyewe linafanyaje kazi? Hapa nilimtafuta jamaa yangu tuliyekuwa naye Mlimani, yeye akisoma uhandisi, mimi nikisoma magazeti ya watu. Nilimwambia anieleze kama anavyomweleza bibi yake. Akaniuliza, "Umeshawahi kusimama karibu na fundi wa kuchomelea mageti?" Nani hajasimama? Tangu tukiwa wadogo tunaambiwa tusiangalie ile cheche, tutapofuka. "Basi," akasema, "chukua cheche ile, ikuze mpaka iwe nene kama mwili wako, kisha zitafute tatu."

Ndiyo habari yote, kwa ufupi. Umeme ukiwa na nguvu ya kutosha huruka hewani kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na unaporuka huchora mstari wa mwanga unaopinda kama upinde. Ndiyo maana huitwa tao la umeme. Ndani ya tao lile joto linapita nyuzi 3,000, wakati chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500. Kwa hiyo hakuna ubishi. Chuma kikikutana na tao, chuma kitasalimu amri.

Tanuru ni sufuria kubwa la chuma lililojengewa matofali yasiyoungua, lenye kifuniko kinachosogezwa pembeni. Kifuniko hicho kina matundu matatu, na kwenye kila tundu hushuka nguzo nyeusi ya grafaiti, ndugu wa ile risasi ya penseli yako. Katika tanuru kubwa nguzo moja inaweza kuwa na unene wa zaidi ya nusu mita. Nguzo hizo huitwa elektrodi. Asubuhi ya kazi, kifuniko kinasogezwa, kreni inaleta kapu la skrepa lenye sakafu inayofunguka, na mzigo wote unaporomoka ndani kwa kishindo. Kifuniko kinarudi, nguzo zinashushwa taratibu mpaka zinakaribia vyuma, na umeme unaruka.

Kelele ya dakika za mwanzo, jamani, si ya kawaida. Tao linatafuta njia katikati ya vyuma vilivyolala ovyo, linawaka hapa, linazimika pale, na kila likikatika na kushika tena hutoa mlipuko. Waliosimama karibu lazima wazibe masikio. Hata nyumba za jirani huweza kujua, maana taa zao hupepesuka kama gridi haina nguvu ya kutosha. Baadaye nguzo zikishachimba shimo katikati ya skrepa na dimbwi la chuma kioevu likatokea chini, kelele hupungua na mapishi yanaanza.

Nasema mapishi kwa makusudi. Wapishi hutupia chokaa ndani. Wanapuliza oksijeni kwa bomba. Wanaongeza unga wa makaa. Juu ya chuma linatokea tabaka la uchafu ulioyeyuka, ambalo Waswahili wa zamani waliliita mavi ya chuma, na sioni sababu ya kubadilisha jina zuri kama hilo. Oksijeni ikikutana na kaboni hutoa gesi, na gesi hiyo hulifanya tabaka lile lifure kama povu la maziwa jikoni. Povu hilo wanalitaka kweli kweli, kwa sababu linalifunika tao, na joto linabaki kwenye chuma badala ya kwenda kula kuta na kifuniko. Chuma kikifika nyuzi kama 1,600 tanuru linainamishwa na kumiminwa. Kwenye kiwanda kizuri safari yote, kutoka kumimina mpaka kumimina tena, huchukua saa moja au chini yake.

Mtu aliyeifanya cheche hii kuwa biashara ya chuma ni Mfaransa, Paul Héroult, mwaka 1900, katika kijiji cha La Praz kwenye milima ya Savoie. Kwa nini milimani? Kwa sababu ya maji yanayoporomoka, na maji yanayoporomoka ni umeme. Huyu bwana ndiye aliyekuwa ameshagundua mwaka 1886 njia ya kutoa aluminiamu kwa umeme, mwaka uleule ambao Mmarekani Charles Hall aligundua jambo hilohilo bila wao kujuana. Wote wawili walizaliwa 1863 na wote wawili wakafa 1914. Ukipewa filamu yenye hadithi hiyo utasema mwandishi kazidisha chumvi.

Kwa miaka mingi tanuru la Héroult lilikuwa la vyuma maalumu, vya bei kali. Lilishuka kwa mlalahoi baadaye. Mwaka 1969 kampuni ya Nucor ilifungua kiwanda kidogo kule Darlington, jimbo la South Carolina, ikiyeyusha skrepa kwa umeme ili kupata chuma cha kutengenezea maboriti yake yenyewe. Wakubwa wa chuma hawakuwaona hawa kama wapinzani. Nondo na vyuma vya pembe, waachieni wadogo. Ilipofika 1989 Nucor ilikuwa inatengeneza bati kule Crawfordsville, Indiana, na kicheko kikawa kimehamia upande wa pili.

Na mabadiliko hayo yana watu ndani yake. Mji wa Port Talbot, Wales, uliishi kwa tanuru za makaa. Ya mwisho ilizimwa tarehe 30 Septemba 2024, na mahali pake panajengwa tanuru la umeme. Kwa hewa ni habari njema: tani moja ya chuma kwa njia ya makaa hutoa zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa, kwa skrepa na umeme ni chini ya nusu ya hapo. Kwa mfanyakazi ni habari nyingine, maana tanuru la umeme linahitaji mikono michache, na maelfu ya ajira ziliondoka. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, wala moja halifuti jingine.

Turudi kwenye sufuria, maana nilichotaka kuwaambia leo kiko humo.

Skrepa si chuma kitupu. Gari bovu lina rangi, bati lina zinki, mota ina shaba, bomba lina kutu na mchanga ambao mjanja fulani amejaza ili liwe zito kwenye mizani. Vyote vinaingia. Vinaenda wapi? Jamaa yangu aliniambia kila uchafu una mlango wake wa kutokea, na milango ni mitatu tu.

Mlango wa kwanza ni juu, kwenye mavi ya chuma. Fosforasi, ambayo ikizidi hufanya chuma kiwe chepesi kukatika, hukamatwa na chokaa na oksijeni na kumwagwa pamoja na lile povu. Silikoni nayo hivyohivyo. Mlango wa pili ni moshi. Zinki ya mabati haivumilii joto lile, inageuka mvuke na kutoka kama vumbi ambalo kiwanda chenye adabu hulikamata kwenye vichujio. Mlango wa tatu si mlango. Ni kubaki. Shaba haitoki. Bati jeupe la kulehemia halitoki. Ukitaka kuichoma shaba kwa oksijeni, chuma chenyewe kitaungua kwanza na shaba itakaa pale inakuangalia. Ikishayeyuka pamoja na chuma, imeoa.

Na ndoa hiyo ina madhara. Chuma chenye shaba nyingi kikipashwa moto ili kivutwe, shaba hujikusanya juu ya ngozi yake na ngozi inapasuka. Kwa bati la mwili wa gari haikubaliki kabisa. Nondo huvumilia zaidi, na ndiyo maana duniani kote skrepa mchanganyiko huishia kwenye nondo. Nondo inasamehe mengi, wadau, lakini hata yenyewe ina mpaka.

Hapo kumbuka pia kwamba viwanda vingi vidogo, ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki ukiwemo, havitumii tao. Vinatumia tanuru la induksheni, ambalo umeme hupita kwenye koili iliyozunguka sufuria na chuma hupata moto kutoka ndani yake chenyewe. Ni rahisi kulijenga na halisumbui gridi sana. Lakini lenyewe si mpishi, ni mpasha viporo. Halina lile povu la chokaa na oksijeni la kufanya kazi ya maana, kwa hiyo hata ule mlango wa kwanza karibu umefungwa. Ulichotia ndicho utakachopakua.

Maana yake nini? Maana yake ubora wa nondo unaamuliwa kabla umeme haujawashwa. Unaamuliwa na mtu anayechambua skrepa.

Mtu huyo unamjua. Anapita mtaani kwenu na guta, akigonga kipande cha chuma kwa kipande kingine, akiita watu watoe vyuma chakavu. Nilikaa nao siku nzima kwenye yadi moja hapa jijini. Kijana mmoja, hajafika miaka ishirini, alileta mzigo wa feni mbovu na mabomba. Mzee wa mizani akainama, akachomoa mota moja, akamwambia, "Mdogo wangu, hii hujaifungua."

"Shikamoo mzee, ndogo hiyo, haina shaba ya maana," kijana akajibu.

"Marahaba. Ndogo kwako. Weka pembeni."

Hawakuwa wanazungumzia ubora wa nondo, hilo lazima niseme. Walikuwa wanazungumzia bei, kwa sababu kilo ya shaba ina thamani mara nyingi kuliko kilo ya chuma. Mota kubwa zinafunguliwa na shaba inatolewa kwa uangalifu wa daktari. Ndogo hazilipi muda, zinatupwa nzima kwenye lundo la chuma. Yaani hesabu ya kijana anayetafuta pesa ya kula mchana ndiyo inayopanga kiasi gani cha shaba kitalala ndani ya nguzo ya ghorofa lako. Na shaba ya nyaya wanaitoa kwa kuchoma ganda la plastiki motoni, moshi wote ukiingia kifuani. Glovu sikuona. Sumaku ya kutenganisha niliiona moja, imefungwa kamba, ya mzee.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu uzito wa mkono wa mchambuaji, nenda Mexico. Mwishoni mwa 1983, katika mji wa Ciudad Juárez, mashine ya hospitali ya kutibu saratani ilichukuliwa kutoka stoo na kuuzwa kwenye yadi ya skrepa. Ndani yake mlikuwa na punje ndogo takriban 6,000 za kobalti yenye mionzi. Hakuna aliyejua. Kobalti ni kama shaba, haitoki kwenye chuma. Ikayeyushwa pamoja na skrepa na kugeuka nondo. Nondo zikauzwa na watu wakajengea. Siri ilifichuka Januari 1984 kwa bahati tu: lori lililobeba nondo hizo lilipotea njia na kupita karibu na maabara ya Los Alamos kule Marekani, maabara ileile ya bomu la atomiki, na vipima mionzi vyao vikapiga kelele. Mamia ya nyumba zilibomolewa baadaye.

Mwaka 1998 ikatokea Hispania, kwenye kiwanda cha Acerinox kilichoko karibu na Algeciras. Safari hii ilikuwa sizi, ambayo hupita mlango wa pili. Ikageuka mvuke, ikatoka na moshi, na wapima hewa wa Ufaransa, Uswisi na Italia wakaanza kuulizana nani kafanya nini. Tanuru halina macho. Linafuata sheria za kemia tu, kila kitu kwa mlango wake.

Sasa tuongee umeme, maana ndiyo nusu nyingine ya chakula. Tani moja ya skrepa kwenye tanuru la tao hula kama yuniti 400. Tanuru la tani 100 kwa mpishi mmoja, yaani kwa saa moja hivi, linameza yuniti 40,000. Familia inayotumia yuniti 75 kwa mwezi, kile kiwango cha mteja mdogo wa TANESCO, itahitaji zaidi ya miaka 44 kumaliza hizo. Tanuru kama hilo likiwa kazini linaweza kuvuta megawati 80. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Tanuru moja ni theluthi ya mtambo mmoja. Sasa fikiria miaka ile ya mgao, 2006, 2011. Umeme ukikatika na kukaa muda mrefu, chuma kilichoyeyuka kinaganda ndani ya sufuria, na hapo huna tanuru tena, una jiwe la tani mia moja. Ndiyo maana tanuru la tao linajengwa na nchi yenye uhakika wa umeme, si yenye matumaini ya umeme.

Jirani zetu Kenya walituonyesha jinsi nusu hizi mbili zinavyoweza kulana. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme mkubwa ilianguka Nairobi na nchi karibu nzima ikaingia gizani. Waharibifu wa vyuma vya minara wakatajwa, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Miezi michache mbele zuio likaondolewa, kwa kanuni mpya. Fikiria mzunguko huo: unafungua mnara unaoleta umeme, ili upate skrepa, ya kupeleka kwenye tanuru linalosubiri umeme.

Kwa hiyo kila yakitokea haya, mwenye guta anaitwa mwizi. Wapo wezi, sibishi. Mifuniko ya mitaro haiondoki kwa miguu yake. Lakini kuwafunga wote kwa kamba moja ni kutoelewa uchumi. Tangu tukiwa shule ya msingi tunaambiwa habari za chuma cha Liganga kule Ludewa, na tunaisubiri kama mvua ya vuli. Wakati huohuo kuna mgodi mwingine uko juu ya ardhi, kila mtaa, na wachimbaji wake wameshaanza kazi bila kusubiri mwekezaji. Hawana leseni, hawana glovu, hawana anayewafundisha kwamba mtungi uliofungwa ukiingia kwenye tanuru unalipuka kama bomu, wala kwamba ile alama ya mapanga matatu ya mionzi haichezewi.

Wanachohitaji hakihitaji kamati ya kusafiri nje. Yadi ziandikishwe na kila mzigo uandikwe umetoka wapi, mwizi atapungua. Kiwanda kilipe zaidi kwa skrepa iliyochambuliwa kuliko ya mchanganyiko, na mota ndogo zitafunguliwa, nawahakikishia, kwa kasi ya ajabu. Mlango wa kiwanda uwe na kipima mionzi kinachofanya kazi. Hayo matatu yangenipa usingizi mzuri zaidi kuliko muhuri wowote uliopigwa kwenye nondo.

Mhariri alitaka bei ya nondo, nikampa. Ila bei haikuambii kijana wa guta alikuwa na njaa kiasi gani siku ile alipoitupa mota nzima nzima. Wewe unalala ghorofa ya ngapi vile?

Tuonane wiki ijayo, siasa itakuwa imerudi. Tupo pamoja.